Chumvi Haikuua Samaki wa Kwa Vonza

Siku ya kwanza kazini nilionjeshwa maji. Nilifika kituo cha mradi wa samaki, karibu na Kwa Vonza, nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani kwa sababu nilidhani kazi ya mradi ni kazi ya ofisi. Aliyenipokea alikuwa mwanamume mrefu mwenye gambuti zilizopasuka visigino. Jina lake Nzioka, na cheo chake Mlishaji Mkuu. Hakuniuliza cheti. Alichota maji ya bwawa kwa kiganja, akaninyooshea mkono.

"Onja."

"Maji ya samaki?"

"Onja kwanza, mwaitu," alisema, akiniita mama kwa Kikamba. "Halafu ndiyo utaniambia kama hii kazi utaiweza."

Nilionja. Yalikuwa na chumvi, si kama ile ya bahari ninayosimuliwa, lakini ya kutosha kukunja uso. Nzioka alicheka.

"Hii ndiyo maji Mungu alituwekea chini ya hii ardhi. Ng'ombe wanakunywa wakikosa ingine. Tilapia wanaishi ndani na wanazaa. Shida ya samaki hapa si chumvi. Ni mkono wa yule anawalisha."

Nilikubali kwa kichwa, na baadaye nikafanya nilichofanya. Ninaandika haya kwa hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hiyo. Nyinyi vijana mnaotumwa vijijini na vyeti vyenu mnawaambia watu wa Kitui na Makueni kwamba maji ya chumvi hayafugi samaki. Mkiulizwa habari hiyo mmeitoa wapi, mnataja kituo chetu. Mimi nilikuwepo, na ndoo ilikuwa mkononi mwangu.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilivyokuwa. Tulikuwa na mabwawa manne, yametandikwa karatasi nyeusi ngumu ya plastiki ili mchanga usinywe maji. Maji yalitoka kwenye kisima cha mashine. Jua la kwetu hunyanyua maji na kuacha chumvi, kwa hiyo mvua ikikawia bwawa huzidi ukali. Kila asubuhi tulipima. Kipimo chenyewe ni kijibomba chenye kioo: unadondosha tone moja, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia, na mstari unakuonyesha chumvi imefika wapi. Mstari ukipanda, tunaongeza maji ya mvua kutoka silanga, lambo letu la udongo lililokuwa juu kidogo ya kituo. Hakuna uchawi ndani yake. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujifunza kwa asubuhi moja.

Chakula tulikitengeneza wenyewe. Tulisaga omena waliokauka, tukachanganya na pumba za ngano na mashudu ya pamba, tukashikanisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Mchanganyiko ulipita kwenye mashine ya kusagia nyama ukatoka kama tambi, tukauanika juu ya magunia, ukikauka tukauvunja vipande. Baadaye mradi ukaanza kuleta chakula cha kiwandani, kile kinachoelea. Nzioka alikipenda kwa sababu moja tu: ukikirusha unaona kilicholiwa na kilichobaki. Chetu kilizama, na kinachozama huwezi kukiona kikioza.

Kulisha kwenyewe alinifundisha taratibu. Unafika saa ile ile, upande ule ule, na upepo ukiwa mgongoni ili chakula kisirudi ukingoni. Unarusha konzi moja. Unangoja. Samaki wakilipua maji, unarusha ya pili. Wakianza kuja mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kwenye mkutano wasioupenda, unaacha, hata kama ndoo ina nusu. Mara moja kwa mwezi tulivuta wavu, tukawapima uzito, tukajua wanahitaji kiasi gani. Kati ya siku hizo ni macho tu. Siku hizi naona mtu anamwaga ndoo nzima mara moja, anapiga picha kwa simu, anaondoka.

Sababu ya uangalifu huo ni hii. Samaki hupumua hewa iliyomo ndani ya maji. Chakula kisicholiwa hushuka chini na kuoza, na kinapooza hula hewa hiyo hiyo. Maji ya chumvi hubeba hewa kidogo kuliko maji matamu, kwa hiyo kosa ambalo bwawa la maji matamu litakusamehe, la kwetu halisamehi. Jua likiwaka, ukijani wa majini hutengeneza hewa. Mawingu yakitanda siku kadhaa, hautengenezi ya kutosha, na alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ndiyo maana siku za mawingu Nzioka alikata chakula nusu, na siku nyingine hakulisha kabisa.

Meneja wa Kituo wa kwanza alikuwa mzee mpole aliyejua asichokijua. Alimwachia Nzioka mabwawa, yeye akabaki na barua. Alipostaafu akaletwa mwingine, mtu wa viatu vya kung'aa, aliyesimama mbali na maji ili visilowe. Huyu alijua kila kitu.

Ilikuwa Julai, ule msimu wetu wa baridi na mawingu ambapo unaweza kukaa wiki nzima bila kuona kivuli chako. Meneja alikuja ukingoni Jumatatu asubuhi. Mimi na Nzioka tulikuwa tukipima chumvi.

"Nzioka, hawa samaki wamelala ama wamekufa?"

"Wako sawa, bwana meneja. Ni baridi. Hawana njaa."

"Wafadhili wanakuja Alhamisi. Nataka chakula kikirushwa maji ichemke. Na nataka wakivuliwa waonekane wamenona. Walishwe mara tatu kwa siku kuanzia leo."

"Tukiwamwagia chakula na hii mawingu, Alhamisi utaonyesha wageni mizoga."

"Sikukuuliza unabii," Meneja alisema. Akanigeukia. "Wewe Syombua, unaweza kulisha, ama na wewe ni nabii?"

Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na kandarasi yangu ilikuwa ikiisha mwezi ule. Nasema hivyo ili mjue, si ili mnihurumie.

"Naweza, bwana meneja."

Nzioka alinitazama. Mchana huo alitumwa silanga kujenga upya ua wa miiba, kazi ya siku tatu, na mabwawa yakabaki mikononi mwangu.

Nililisha asubuhi, mchana na jioni. Samaki walikuja kidogo, wakaacha. Chakula kilielea, kikalowa, kikawa rangi ya chai, kikaanza kupasuka. Jumanne Meneja alitoka ofisini akiwa bado mbali, nami nikachukua fimbo nikakisukuma kile kilichobaki kizame ili asikione. Alifika akasema, "Umeona? Wamemaliza." Nikasema ndiyo. Jumatano nilitumia fimbo tena, mara tatu, na maji yalikuwa yameanza kutoa harufu ya yai bovu. Mnajua nilijua. Nilikuwa nimefundishwa na mtu bora kuliko wote.

Alhamisi kulipopambazuka niliona midomo. Mabwawa yote manne yalikuwa yamejaa midomo juu ya maji, ikifunguka na kufungika, kama mvua inayonyesha kutoka chini kwenda juu. Nilipiga mayowe. Nzioka alikuja mbio kutoka kibanda cha mlinzi alikolala usiku ule, akainama, akanusa maji, akanusa hewa, kisha akanishika mkono akanusa vidole vyangu. Akauachilia.

"Washa pampu. Elekeza mpira juu, maji ianguke kama mvua. Leta matawi!"

Aliingia majini na nguo zake akapigapiga kwa matawi ili hewa iingie. Mimi nilishika mpira, mlinzi akachota kwa ndoo na kumwaga kutoka juu. Tuliokoa bwawa moja. Mara mbili alivuka kwenda la pili, na kila akivuka lile la kwanza lilianza kuzimika, basi akarudi. Jua lilipotoka nyuma ya mawingu kwa mara ya kwanza wiki nzima, mabwawa matatu yalikuwa meupe kwa matumbo. Nzioka alikaa kwenye tope akakamua shati lake. Nusu saa baadaye magari ya wageni yakaingia langoni.

Meneja hakubabaika hata kidogo. Aliwapeleka wageni hadi ukingoni, akavua kofia kama mtu aliye matangani.

"Chumvi," alisema. "Chumvi imepanda ghafla. Hii ndiyo changamoto ya maji ya huku."

Wageni walitikisa vichwa. Mmoja aliandika. Mimi nilikuwa nimepima asubuhi ile ile, kwa mazoea tu, na mstari ulikuwa pale pale ulipokuwa wiki nzima.

Siku ya pili niliitwa ofisini. Ripoti ilikuwa mezani. Ilisema Mlishaji Mkuu alizembea kuongeza maji ya silanga, akaacha maji ya kisima peke yake, chumvi ikazidi, samaki wakafa. Palikuwa na nafasi tupu ya kipimo cha asubuhi. Meneja alinitajia namba, mara mbili ya ile niliyoiona.

"Andika hapo, uweke sahihi. Wewe ndiye ulipima."

"Bwana meneja, sikusoma hivyo."

"Sawa. Basi tuanze kuuliza nani alilisha."

Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, nilisifiwa tangu shule ya msingi, na namba ile ilitokea safi kabisa.

Nzioka alifukuzwa wiki iliyofuata. Kandarasi yangu iliongezwa. Kama hilo halitoshi, nilitumwa kupeleka habari kwa wakulima. Kulikuwa na mama anaitwa Ndunge, jirani wa kituo, aliyechimba bwawa lake kwa mikono yake na dada zake wawili. Maji yake yalikuwa na chumvi kuliko yetu. Alilisha konzi, akangoja, kwa sababu Nzioka alimfundisha akipita jioni. Samaki wake walikuwa wazima, wanene, wanamfuata mtu ukingoni wakisikia nyayo.

"Mradi umesema maji ya chumvi ni hatari," nilimwambia. "Hautaleta vifaranga tena wala chakula. Mnashauriwa mfunge."

"Lakini wangu wako hai, Syombua. Njoo uwaone."

"Nimetumwa tu, dada."

Hakubishana zaidi. Aliwavua wote, akagawa kijijini, akafukia lile shimo kwa udongo. Wengine walifuata. Watu walikuwa wamezoea kuambiwa ardhi yao haifai, na hili lilikuwa jambo moja zaidi.

Mimi nilihamishiwa Kikima, juu kwenye milima ya Mbooni, kwenye maji matamu na ya baridi. Huko samaki hula kivivu na kukua polepole, na kazi kubwa ya mlishaji ni subira. Afisa Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mkali, mwenye haki, aliyetembelea mabwawa kabla ya kufungua ofisi. Asubuhi moja alinikuta narudisha nusu ya ndoo ghalani.

"Nani alikufundisha kulisha hivi?"

"Nilijifunza tu mwenyewe, madam."

Alinisifu mbele ya wenzangu. Miaka mingi nilisifiwa kwa kazi ya Nzioka, nikasema asante.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mukuyuni, ofisi ya mafunzo. Nilikuwa nimepanda hadi Mkufunzi Msaidizi. Siku moja kijana mmoja aliyetoka chuoni alikuwa akifundisha kundi jipya la maafisa wa nyanjani. Alimulika picha ukutani, akasoma kisa cha kituo cha Kwa Vonza: chumvi ilivyopanda, kiwango kilichoua tilapia, na onyo kwa kaunti zote kavu. Na kile kiwango kikawa pale ukutani, kikubwa, chekundu. Ilikuwa namba yangu. Vijana thelathini walikuwa wakiinakili daftarini.

Nilisimama. "Hiyo namba ni ya uongo. Mimi ndiye niliiandika."

Kijana alitabasamu, akidhani natania. Aliyenyanyuka ni Msimamizi wa Kanda, aliyekuwa amekaa nyuma. Alinishika kiwiko kwa heshima, akanitoa nje.

"Mama, hiyo faili ilifungwa. Umebakisha miezi michache uende nyumbani. Unataka kwenda na kesi?"

"Watu walifukia mabwawa yao."

"Mama. Rudi ukae."

Nilirudi nikakaa. Ndiyo, nilikaa. Kijana akaendelea na picha inayofuata. Kati ya yote niliyofanya, hilo la kukaa ndilo linaloniamsha usiku, kwa sababu wakati huo sikuwa tena na mtoto shuleni.

Nilistaafu kwa blanketi, birika la chai na hotuba iliyosema nimetumikia kwa uaminifu. Wiki ya pili nyumbani nilipanda gari hadi Kwa Vonza kumtafuta Nzioka. Sokoni nilimuuliza muuza mboga.

"Nzioka yupi? Nzioka wa Munyu?"

Munyu ni chumvi kwa Kikamba. Kumbe ndilo jina alilobaki nalo. Muuza mboga alinieleza bila ubaya wowote: yule aliyeua samaki kwa chumvi. Hata kanisani walipounda kamati ya kisima walimruka. Na mwanawe wa kiume, fundi wa pikipiki pale pale sokoni, alikuwa akiitwa jina hilo hilo na watu ambao hawakuwahi kuona bwawa.

Nilimkuta nyumbani akifunga mbuzi. Amezeeka, lakini bado mrefu. Aliniletea kiti, akamwita binti yake alete chai. Nilimweleza yote kabla chai haijafika.

"Kwamba ulilisha, nilijua," alisema. "Nilinusa mkono wako. Nikasema, huyu ana watoto, ameogopa. Hiyo niliiacha zamani." Alikaza kamba ya mbuzi. "Lakini hiyo namba. Nilikuwa nafikiri meneja aliiandika mwenyewe."

"Ni mimi."

"Ni wewe."

Niliteremka kwenye kiti nikapiga magoti. Alinyanyua sauti kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Inuka! Usinipigie magoti kwa boma langu, mtu atafikiri nimekukosea. Mimi huniombi msamaha hapa, kwa mbuzi. Uliniharibia jina kwa watu. Nenda kwa watu."

Chai ilifika, hakuinywa. Na mimi sikuinywa.

Jumapili nilikwenda kanisa la pale. Wakati wa ushuhuda niliinua mkono, mchungaji akanikaribisha kwa furaha, akidhani mgeni ameponywa ugonjwa. Nilisimama mbele nikasema jina langu na kazi niliyofanya. Nikasema chumvi haikuua samaki. Nikasema nililisha mimi kwa amri ya meneja, nikazamisha chakula kwa fimbo, wakakosa hewa, na nikaandika namba ya uongo mtu mwingine akafukuzwa. Nikasema yule mtu anaitwa Nzioka, na hana jina lingine.

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alishika kipaza sauti, akawa anatafuta wimbo. Nzioka alikuwa safu ya nyuma, anatazama mbele. Ndipo mwanamke mmoja alisimama katikati ya kanisa, nikamtambua kwa namna alivyoweka mikono kiunoni. Ndunge.

"Kwa hiyo mimi lile bwawa nilifukia bure?"

"Ndiyo."

"Na siku ile umesimama kwangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa polepole. Mchungaji alianza wimbo, watu wakaitikia kwa kusitasita. Baada ya ibada hakuna aliyenisalimu isipokuwa yule fundi wa pikipiki, mwana wa Nzioka. Alinipa mkono, akaenda zake. Baba yake alikuwa ameshaondoka. Ndunge aliningoja langoni.

"Unalala wapi?"

"Kwa binamu yangu, hapa chini."

"Kesho uje na jembe. Na usifikirie nimekusamehe."

Nilikwenda. Udongo aliofukia nao umeshikamana na kuwa mgumu kama matofali, na mikono yangu imezoea karatasi za ofisi. Yeye huchimba upande wake, mimi wangu, dada zake huzoa udongo. Akikasirika hunisema mbele yao, nami huendelea kuchimba. Nimemwandikia Msimamizi wa Kanda barua na kuitia sahihi kwa mwandiko ule ule mzuri. Hajajibu. Nitaandika nyingine, na nyinyi mnaosoma haya mnaweza kuitoa ile picha ukutani bila kungoja barua ya mtu yeyote.

Sokoni bado nasikia watu wakisema Nzioka wa Munyu. Nikiwasikia ninasimama nawarekebisha, na wengine hunicheka usoni.

Wiki iliyopita shimo lilitufikia kiunoni. Tulikaa ukingoni tukanywa uji. Ndunge alisema mpwa wake ameahidi karatasi nyeusi, na maji yatatoka kisima kile kile cha zamani. Nikamwambia asihangaike na kazi ya kila siku, chakula nitakuwa nikilisha mimi.

Aliweka kikombe chini.

"Hapana," alisema. "Wewe utapima chumvi, na utasoma kwa sauti tusikie. Kulisha nitalisha mwenyewe."